Gitaa Linaporudi Kwenye Spika

Studio nyingi ndogo za benga kati ya Homa Bay na Migori hurekodi gitaa bila spika. Mpiga solo anaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kompyuta, anachomeka waya kwenye kadi ya sauti, anavaa hedifoni, anapiga. Amplifaya haipo chumbani. Wa rithimu anakuja baadaye, pengine siku nyingine kabisa, kisha anafuata wa besi. Mwishowe prodyuza ana treki tatu safi, hazina kelele hata chembe. Lakini ukizisikiliza peke yake, nyuzi zinakwaruza, kila mguso wa kucha unasikika, na ule unene unaowainua watu vitini haupo. Mwenye gitaa mwenyewe anasikia. "Omera, hii si solo yangu," anasema, na prodyuza anamjibu kwamba ataiweka sawa kwenye kompyuta.

Sababu za kurekodi hivyo ni za kweli, na sizidharau. Studio nyingi ni vyumba vya kupanga vyenye paa la mabati. Mvua ya ziwani ikianza kunyesha, maikrofoni itarekodi mvua kwanza, gitaa baadaye. Waya hausikii mvua. Jirani ana mtoto mchanga, hataki kusikia wimbo mmoja ukirudiwa kutwa. Na stima ikipotea, laptopu yenye chaji pamoja na kadi ndogo inayotumia umeme wa USB zitaendelea kurekodi gizani, huku amplifaya imekaa kimya pembeni. Katika mazingira haya, kumwambia prodyuza wa Rongo au Mbita asirekodi gitaa moja kwa moja ni kumwambia asirekodi.

Ninachotetea katika sura hii ni kwamba kazi isiishie hapo. Treki kavu iliyorekodiwa leo inaweza kutolewa kwenye kompyuta wiki ijayo, siku kuna stima na mbingu iko wazi, ikapitishwa kwenye amplifaya halisi. Spika ilie chumbani, maikrofoni iwekwe mbele yake, na sauti hiyo mpya irekodiwe tena kwenye kompyuta. Mpiga gitaa hahitaji kuwepo. Alishapiga. Mafundi wa studio huiita kazi hii riampu, nami nitatumia jina hilo. Kwa muziki wa huku, sijui mbinu nyingine ya bei ndogo inayoweza kuurudishia kiasi hicho cha kile ulichopoteza.

Mwili wa mlio

Tuanze na nyatiti, kwa sababu solo ya benga ilizaliwa humo. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, kidole cha mguu kimevaa pete ya chuma inayogonga mti wa ala yenyewe, njuga zikilia mguuni. Uzi wenyewe una mlio mdogo tu. Kinachoufanya usikike uwanjani kwenye matanga ni bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Bakuli hilo huchagua: hukuza sehemu fulani za mlio, humeza nyingine, na kuzichanganya zote na mgoto wa pete. Ukiondoa bakuli, hakuna nyatiti.

Gitaa la umeme lenye mbao nene halina bakuli. Sumaku zilizo chini ya nyuzi husoma mtikisiko wa uzi tu, zikaugeuza kuwa umeme. Mwili wa gitaa hilo uko mahali pengine: ni amplifaya na spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 haikutengenezwa iwe aminifu kama spika ya redio nzuri. Kuanzia hezi 5,000 hivi kwenda juu, mlio wake huporomoka haraka. Kwaruzo la kucha na mlio mkali wa waya hukaa huko juu, kwa hiyo spika huvitupa. Karatasi ya spika hujikunja kidogo ikisukumwa, sanduku la mbao hutetema, na amplifaya ikipewa nguvu inayoizidi kidogo hubana vilele vya sauti, hata noti laini na noti kali zikakaribiana. Ndiyo maana mpiga solo anaweza kuachia noti kumi na sita mfululizo na zote zikatoka zimejipanga kwenye mstari mmoja.

Kwa hiyo anayechukua sauti ya sumaku peke yake amechukua uzi bila bakuli. Ni nusu ya ala.

Wazee wa benga hawakuwa na swali hili. Miaka ya 1970, bendi iliposafiri kwenda kurekodi Nairobi, au Kericho kwenye studio ya Chandarana, ilikuwa kawaida kupiga pamoja, amplifaya zikiwa chumbani. Sauti iliamuliwa palepale. Sahani zilizotoka wakati ule zilifika mbali. Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki ambaye baadaye aliingia bungeni, alizisambaza mpaka kusini mwa Afrika, na huko Zimbabwe watu wakauita mtindo wote kwa jina lake: kanindo. Sikiliza mkusanyo wa nyimbo za D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz uliotolewa na Sterns mwaka 2010, The King of History. Misiani alizaliwa mwaka 1940 upande wa Shirati, ng'ambo kidogo tu ya mpaka ukitoka Migori kupitia Isebania. Magitaa katika nyimbo zile yana hewa kati yao. Unasikia solo na rithimu zikiwa ndani ya chumba kimoja, zikipishana na kujazana.

Gharama ya njia ile ilikuwa kwamba hakuna kilichoweza kurekebishwa. Amplifaya ikivuma, mvumo umeingia kwenye sahani milele. Solo ikizidi sauti ya mwimbaji, imezidi. Sisi tumeondoa tatizo hilo kwa kurekodi kila kitu kando, tukaondoa na chumba pia. Riampu inaturuhusu kukirudisha chumba bila kurudisha gharama ile.

Wazo la zamani

Kuitoa sauti iliyokwisha kurekodiwa, kuiliza chumbani na kuinasa upya hakukuanzia kwenye gitaa. Mwaka 1947 huko Chicago, fundi Bill Putnam alikuwa akirekodi kundi la wapiga kinanda cha mdomo, Harmonicats. Alipeleka sauti yao kwenye spika iliyowekwa bafuni, akaweka maikrofoni mle mle, na mwangwi wa vigae akauchanganya kwenye wimbo. Wimbo ule uliuzwa sana, na baada ya hapo studio kubwa zikajenga vyumba maalumu vya mwangwi.

Kwenye gitaa, mafundi walikuwa wakifanya hivyo kwa kubahatisha miaka mingi, kila mmoja na nyaya zake, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 John Cuniberti, fundi wa San Francisco aliyefanya kazi na Joe Satriani, alipotengeneza kisanduku maalumu na kukiita Reamp. Jina la kisanduku likawa jina la kazi yenyewe.

Kwa nini kisanduku? Kwa sababu umeme unaotoka kwenye kompyuta haufanani na umeme unaotoka kwenye gitaa, na amplifaya inajua tofauti. Gitaa hutoa sehemu ndogo ya volti, kwa kawaida milivolti mia kadhaa mkono unapokaza. Kiwango cha kawaida cha vifaa vya studio ni volti 1.2 hivi, na kadi ya sauti ikifunguliwa mpaka mwisho inaweza kutoa volti kadhaa. Ukichomeka mtokeo huo moja kwa moja kwenye tundu la gitaa la amplifaya, hatua ya kwanza ya amplifaya itazidiwa kabla hujagusa kitasa chochote. Kisanduku cha riampu kinaishusha nguvu hiyo, na kitasa chake hukuruhusu kuipima.

Kazi yake ya pili ni muhimu zaidi kwenye nyumba zetu. Kompyuta na amplifaya zote mbili zimeunganishwa na athi ya jengo, na zikiunganishwa tena kwa waya wa sauti, mzunguko unakamilika na mvumo wa hezi 50 unaingia. Ndani ya kisanduku kuna transfoma ndogo. Sauti hupita humo kwa sumaku, bila waya wa upande mmoja kugusana na wa upande wa pili, na mvumo unakatika. Hapa niseme kwa nguvu zote: mtu asithubutu kukata mguu wa athi kwenye plagi ya amplifaya ili mvumo uishe. Nimeona ikifanywa. Amplifaya za valvu zina volti mia kadhaa ndani, na ule mguu ndio unaokulinda siku waya mmoja utakapolegea na kugusa chesi. Mvumo uondolewe na transfoma.

Wapo wanaosisitiza kazi ya tatu, ya ukinzani: kwamba mtokeo wa kompyuta una ukinzani mdogo mno ukilinganisha na wa gitaa, hivyo amplifaya haiitambui kama gitaa. Hilo ni kweli hasa ukipitisha sauti kwenye pedali za zamani za fazi au wawa, ambazo hutegemea ukinzani wa sumaku za gitaa ili zilie sawasawa. Kwa amplifaya peke yake tofauti ni ndogo. Benga haina fazi. Usinyimwe usingizi na jambo hilo.

Asiye na kisanduku anaweza kuanza na kile cha DI kisichotumia umeme, cha kuunganisha ala na mikisa, ambacho bendi nyingi zinacho tayari kwa ajili ya besi au kinanda. Ndani yake mna transfoma ileile. Ukikigeuza, ukaingizia sauti mahali pa kutokea na kuitoa mahali pa kuingilia, kitafanya kazi, mradi upate kiunganishi cha kugeuza jinsia ya plagi na ushushe sauti ya kompyuta sana kabla ya kuanza, kwa maana transfoma ikigeuzwa hupandisha volti badala ya kuzishusha. Anza chini kabisa, upande polepole. Si kifaa kamili, ila kinatosha kumfanya prodyuza asikie kwa masikio yake kwamba maneno haya ni ya kweli.

Treki kavu iliyo nzuri

Riampu haiwezi kuokoa treki mbovu. Spika itakuza kila kosa. Na makosa mengi hutokea siku ya kwanza, wakati kila mtu anafikiri kwamba anarekodi kitu cha muda tu.

Gitaa lichomekwe kwenye tundu la ala, lile lenye ukinzani wa megaomu moja hivi. Likichomekwa kwenye tundu la kinanda, sumaku zitalemewa na noti za juu zitakufa, na zikifa siku hiyo hazifufuki. Waya uwe mfupi. Usiweke kompresa wala ikwalaiza yoyote wakati wa kurekodi. Vilele vya sauti vikae kati ya desibeli 12 na 6 chini ya kikomo. Kwa biti 24 huna sababu ya kusogea karibu zaidi, na mpiga solo akifika kwenye ile sehemu ya mwisho ya wimbo, waimbaji wamenyamaza na magitaa yamepewa uwanja, atapiga kwa nguvu kuliko alivyopiga wakati wa kupima. Daima.

Nyuzi zisiwe zimeota kutu. Mlio uliokufa kwenye uzi hauwezi kurudishwa na amplifaya yoyote duniani. Na upatanisho uangaliwe kabla ya kila mkupuo, kwa sababu joto la chumba chenye mabati saa nane mchana hulegeza nyuzi wimbo ukiwa katikati.

Lakini lililo kubwa kuliko yote hayo ni kile mpigaji anachosikia. Mpiga gitaa mzuri hajibu uzi tu, anajibu spika. Akisikia noti inaning'inia, anaiacha. Akisikia imekatika mapema, anagonga nyingine. Akisikia sauti nyembamba kwenye hedifoni, mkono wake utakaza kuitafuta ile anayoijua, na mkazo huo utaingia kwenye treki. Baadaye ukimrudisha kwenye amplifaya nzuri, utamsikia mtu anayepigana na ala yake. Hilo ndilo shimo la mbinu hii, na wanaoisifu hawalitaji vya kutosha. Dawa yake ni rahisi. Visanduku vya DI vina tundu la pili ambalo huipitisha sauti ya gitaa bila kuigusa. Tundu moja liende kwenye kompyuta, la pili kwenye amplifaya yoyote iliyopo, hata ile ndogo ya mazoezi, iwe pembeni ya miguu ya mpigaji ikilia kwa sauti ya chini. Hata usipoirekodi, mkono wake utakuwa unazungumza na spika. Kama stima haipo, weka plagini ya amplifaya kwenye hedifoni zake, ila urekodi kavu.

Na kabla wimbo haujaanza, mwambie azibe nyuzi kwa kiganja na kugonga mara moja. Mgoto huo mfupi wa "tak" utakuja kukusaidia, kama tutakavyoona.

Siku ya kurudisha

Chagua siku kavu. Asubuhi ni bora. Amplifaya ikiwa ya valvu, iwashwe mapema ipate moto. Ikiwa ya transista, na nyingi za huku ni za transista, iko tayari mara moja. Usiionee haya amplifaya ya transista. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ni ya transista, na wapiga gitaa wanaotaka mlio safi wa kung'aa wameitegemea miaka yote hiyo. Mlio safi wenye kung'aa ndio benga inautaka.

Ugumu wa kwanza ni kupima nguvu. Njia ninayoiamini ni hii: kama gitaa lile lile lipo, lichomeke kwenye amplifaya kwa waya wa kawaida, mtu apige mstari wa wimbo huo, utege vitasa mpaka upendeze. Kisha chomoa gitaa, chomeka kisanduku, ucheze treki kavu, ugeuze kitasa cha kisanduku mpaka amplifaya ilie vile vile. Baada ya hapo hujabahatisha kitu. Amplifaya imepokea kile kile ambacho ingepokea kutoka mkononi.

Ugumu wa pili ni maikrofoni. Ile ya kawaida, Shure SM57, ipo tangu mwaka 1965 na inatosha kabisa. Iweke vidole viwili au vitatu kutoka kwenye kitambaa cha spika. Katikati kabisa ya spika pana mlio mkali. Ukisogea kuelekea ukingoni unapata unene na kupoteza makali. Sentimita 2 zinabadilisha zaidi ya kitasa chochote cha amplifaya. Hapa ndipo uzuri wa riampu unapoonekana, kwa sababu mpigaji hachoki. Treki inazunguka mstari ule ule, mara ya kumi, ya ishirini, na wewe umepiga magoti mbele ya spika ukisogeza maikrofoni hadi usikie mahali pake. Ungemfanyia binadamu hivyo, angekuacha hapo.

Ukiwa na maikrofoni ya pili, iweke mbali, hata mita 2 au 3, inase chumba. Ila jihadhari. Sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa milisekunde moja. Maikrofoni mbili zikiwa karibu na spika lakini moja imepitwa na nyingine kwa sentimita 17, zitapishana kwa nusu milisekunde, na sauti ya hezi 1,000 itajifuta yenyewe, pale pale ambapo solo ya benga inaishi. Ukisikia gitaa limekuwa na tundu katikati, usiguse ikwalaiza. Sogeza maikrofoni.

Sauti pia hupoteza muda ikitoka kwenye kompyuta na kurudi: milisekunde kadhaa, pengine 10 au zaidi. Kwenye muziki mwingine mtu angelipuuza. Kwenye benga huwezi. Tuseme wimbo unakwenda mapigo 130 kwa dakika. Robo ya pigo ni milisekunde 115. Solo na rithimu husukana ndani ya robo hizo, moja ikijaza pengo la mwenzake, na ukiisukuma moja nyuma kwa milisekunde 10 unausikia wimbo ukivuta mguu, hata kama hujui ni kwa nini. Hapa ndipo ile "tak" ya mwanzo inapolipa. Kuza picha ya sauti kwenye skrini, tafuta mgoto kwenye treki kavu na mgoto kwenye treki mpya, uvute mpya mbele mpaka mmoja ukae juu ya mwingine. Maikrofoni ya mbali usiivute. Kuchelewa kwake ndiko chumba chenyewe.

Solo na rithimu nashauri zipite kwenye amplifaya moja, chumba kimoja, moja baada ya nyingine. Wengi hutaka kuzitofautisha kwa amplifaya mbili. Mimi husikia kwamba zinapolia katika hewa moja hukubaliana, na tofauti zao zitoke kwenye vitasa: rithimu ipunguziwe chini ili isigombane na besi, solo ipewe katikati. Besi yenyewe iache treki yake kavu chini, uongeze ya spika juu yake, ukihakikisha zimelingana, kwa sababu zikipingana hutabaki na besi kabisa.

Plagini zinafanya nini hapa

Nitaulizwa: kompyuta si ina plagini za amplifaya? Inazo, na nyingine ni nzuri mno. Prodyuza asiye na amplifaya azitumie bila kuona aibu. Lakini menyu zake zimejaa Fender, Marshall na Vox, vyombo vinavyopendwa huko zilikotengenezwa. Sauti ambayo mtu wa Migori ameijua tangu utotoni ni nyingine: ni gitaa likipita kwenye mikisa ya bendi, likatoka kwenye spika kubwa za ukumbi, zimewekwa juu ya meza, karatasi yake imeshabadilishwa na fundi wa mtaani. Mlio huo haumo kwenye menyu. Ila unaweza kuurudia kwa riampu. Ongea na mwenye klabu, upewe ukumbi asubuhi kabla wateja hawajafika. Chomeka kompyuta kwenye mikisa yake, cheza treki kavu kupitia spika zile zile, weka maikrofoni moja karibu na nyingine kati ya meza. Ukumbi mtupu utakuwa na mwangwi mwingi kuliko ukumbi uliojaa watu, kwa hiyo maikrofoni ya karibu ndiyo iwe msingi.

Ukishafika hapo, fanya jambo moja zaidi: pitisha kwenye spika zile mlio maalumu wa kupima unaopanda kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, uurekodi. Programu nyingi zinaweza kuugeuza kuwa alama ya spika na ukumbi, ambayo utaibeba kwenye laptopu na kuipaka kwenye gitaa lolote. Haina ule mkunjo wa spika inaposukumwa, kwa hiyo haichukui nafasi ya riampu kamili. Lakini stima ikipotea ukiwa Sindo, utakuwa na ukumbi wa Migori mfukoni.

Mkono usiorudi

Otieno Jagwasi, mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa, alirekodi Nairobi mwaka 2004 na Wamarekani Ian Eagleson na Alex Minoff, katika kundi waliloliita Extra Golden. Alifariki mwaka 2005. Albamu, Ok-Oyot System, ilitoka mwaka 2006. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Misiani alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu. Machi 2011 akafuata Musa Juma wa Limpopo International, akafia Mombasa akiwa bado kijana.

Nawataja kwa sababu maamuzi kuhusu sauti yanaweza kusubiri, na mkono wa mpigaji hausubiri. Kitasa gani, spika gani, ukumbi gani, hayo yote mtu anaweza kuyaamua baada ya miaka kumi akiwa na masikio bora na vifaa bora. Alichokifanya Musa Juma kwa vidole vyake hakuna atakayekifanya tena. Ketebul Music ya Nairobi ilipotoa Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008, ilikuwa inaokoa kilichobakia, na mengi ya kilichobakia ni mchanganyo uliokwisha kufungwa: gitaa, ngoma na sauti ndani ya mfereji mmoja au miwili, huwezi kutoa kimoja. Wapiga gitaa walio hai leo Homa Bay na Migori wana nafasi ambayo wazee wao hawakuipata, na inapotea kila prodyuza anapofuta treki kavu ili apate nafasi kwenye kompyuta.

Nafasi yenyewe ni ndogo. Treki moja kavu ya mono, biti 24, hezi 48,000, hula megabaiti 8.6 hivi kwa dakika. Wimbo wa benga wa dakika 8 ni megabaiti 69. Solo, rithimu na besi pamoja hazifiki megabaiti 210. Flashi ya bei ndogo sokoni itabeba albamu nzima na kubakiza nafasi.

Kwa hiyo mwanamuziki adai treki zake kavu kabla hajalipa salio la studio, na jambo hilo liandikwe tangu mwanzo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua haki za mtumbuizaji na haki za mtayarishaji wa rekodi kila moja peke yake, na makubaliano ya maandishi ndiyo yanayozuia ugomvi kati ya hizo mbili. Treki kavu ni utendaji uliovuliwa nguo zote. Anayeishika anaweza kuuvisha atakavyo na kuupeleka atakako. Iwe mikononi mwa aliyepiga, na nakala ya pili iwe kwa mtu anayemwamini, nyumba nyingine, si droo ile ile.

Na faili ipewe jina linaloeleweka: wimbo, mpigaji, ala, tarehe, kasi. Ndani ya folda iandikwe gitaa gani lilitumika, kapo ilikuwa nafasi ya ngapi, nyuzi zilipatanishwaje, na sumaku ipi ilikuwa imewashwa, ya shingoni au ya darajani. Atakayeifungua baada ya miaka 20 huenda hatakuwa na mtu wa kumuuliza.